Mpeni Mtoto Maji Anywe

Mtoto ameamka asubuhi mzima, akamfuata mama yake shambani, akala muhogo pamoja na wenzake. Jua lilipofika kichwani tumbo likaanza kunguruma. Akahara mara moja, mara tatu, mara sita. Jioni macho yameingia ndani, midomo imekauka, na sauti ya kulia imekuwa nyembamba kama ya mwana-mbuzi aliye mbali. Ni nani kati yetu asiyepata kuyaona hayo kwake au kwa jirani?

Sisi tuliyaona katika mwaka wetu wa kwanza wa kufundisha, katika mtaa mmoja ulio kando ya ziwa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu. Tulipoingia jioni kuwapa pole wenye nyumba, tulimkuta nyanya yake amempakata, naye mama mtu amesimama na kikombe cha maji mkononi. Nyanya alikuwa akimkataza. "Usimpe, mwanangu," alisema. "Huoni kwamba kila tone linaloingia linatoka? Tumbo likikaa tupu litatulia." Hakuwa mtu mkali, alikuwa amelea watoto wengi kwa mikono yake, na alimpenda mjukuu huyo kuliko macho yake. Mama akatugeukia sisi. "Mwalimu, ninyi mmesoma. Nimpe au nisimpe?"

Naam, tulikuwa tumesoma. Tulijua kunyambua vitenzi vya Kilatini, na tulijua kwa mpango wafalme wa Ubelgiji mmoja baada ya mwingine. Tukajibu kwamba mzee ana maarifa kutupita, tena kituo cha afya kitafunguliwa asubuhi. Kabla ya jogoo wa pili kuwika mtoto alikuwa amekufa. Kikombe kilikuwa bado mezani, kimejaa.

Tangu siku ile tumetafuta katika vitabu, tumewauliza waganga wa hospitali na wauguzi, na haya tunayowaandikia leo, wasomaji wapenzi, ni mazao ya kutafuta huko. Hatuandiki kumlaumu yule nyanya. Mtaona hapa chini kwamba waganga wakubwa wa dunia waliwaza kama yeye kwa muda mrefu sana, nao hawakuwa na udhuru wa kutojua kusoma.

Maji yaingiayo na maji yatokayo

Watu wengi hudhani kwamba tumbo ni mfuko tu: chakula huingia huku, hutokea kule. Mambo sivyo yalivyo. Katika utumbo mwembamba wa mtu mzima mwenye afya hupita kila siku lita 8 au 9 za maji. Machache kati ya hayo ni yale tuliyoyanywa. Mengi ni mate, nyongo na majimaji mengine ambayo mwili wenyewe huyamwaga ndani ili kuyeyusha chakula. Kisha utumbo huyanyonya tena karibu yote na kuyarudisha katika damu. Yanayotoka nje pamoja na choo hayazidi glasi moja ndogo. Ni kazi kubwa inayofanywa kimya kimya, nasi hatuikumbuki mpaka siku inapoharibika.

Huharibikaje? Tutazame ugonjwa ulio mkali kupita yote ya kuhara, yaani kipindupindu, ambacho wengi kwetu hukiita kolera. Vijidudu vyake huingia kwa maji machafu au chakula kilichoguswa na mikono michafu. Vikifika katika utumbo havili nyama yake wala haviutoboi. Hujishikiza tu juu ya ngozi ya ndani na kutoa sumu. Mwaka 1959 mtaalamu mmoja wa Calcutta, Sambhu Nath De, aliihakikisha sumu hiyo kwa kutumia vipande vya utumbo wa sungura vilivyofungwa kwa uzi. Sumu huulazimisha utumbo kumwaga maji na chumvi bila kukoma, kama bomba la mtaani lililovunjwa kichwa. Mtu mzima aweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Choo chake si choo tena, ni maji meupe kama yale yaliyooshewa mchele.

Basi damu hupungukiwa maji ikawa nzito, moyo hukosa cha kusukuma, figo huacha kutengeneza mkojo, na mtu aweza kufa siku ile ile aliyoanza kuugua. Katika wale walioshikwa vikali wasitibiwe, karibu nusu hufa. Na mtu akikaa siku chache bila kukaukiwa, mwili wake huvitoa vijidudu vyenyewe, na utumbo hujifanyia ngozi mpya. Hakuna chochote kilichooza humo ndani. Amekufa kwa kukaukiwa, kama mche uliosahauliwa juani.

Kuhara kwa watoto wadogo mara nyingi si kolera. Kuna virusi, kama kile kiitwacho rotavirusi, ambacho Ruth Bishop na wenzake walikiona katika watoto wagonjwa huko Melbourne, Australia, mwaka 1973. Kuna na vijidudu vingine vingi. Lakini njia ya kifo ni ile ile, tena kwa mtoto ni fupi zaidi, kwa maana mwili mdogo una akiba ndogo ya maji.

Hata waganga walikataza

Mwaka 1832 kolera ilikuwa ikiwafyeka watu wa Uingereza na Uskoti. Mganga kijana, William O'Shaughnessy, alikuwa ameipima damu ya wagonjwa na kuona kwamba imepungukiwa maji na chumvi. Mwenzake Thomas Latta, wa mji wa Leith huko Uskoti, akaamua kuvirudisha. Akachukua maji yenye chumvi, akayatia katika mshipa wa bibi mzee ambaye wote walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa. Muda si mrefu macho ya bibi yakang'aa, mwili ukapata joto, akaanza kusema. Latta, aliyekuwa amechoka sana, akaenda kupumzika. Nyuma yake kuhara kukarudi, hapana mtu aliyeendelea kumtia maji, na baada ya saa chache bibi akafariki. Latta alijaribu tena kwa wengine na baadhi yao wakapona, lakini yeye mwenyewe alikufa mwaka uliofuata, na njia yake ikasahauliwa kwa miaka mingi.

Ilipokumbukwa tena, katika karne ya 20, ilikuwa imekuwa ile tunayoijua wote: chupa iliyotundikwa juu, mpira, na sindano katika mkono, kwetu watu huiita serumu. Ni dawa nzuri mno. Mgonjwa wa kolera asiyeweza tena kunywa huipata hiyo au hufa. Walakini chupa lazima iwe safi kabisa, sindano lazima iwepo, na lazima awepo mtu aliyefundishwa kuutafuta mshipa ambao umekwisha kunywea. Wakija wagonjwa 10 hospitali yaweza kuwatosha. Je, wakija 1,000?

Na kwa kinywa? Hapo ndipo waganga walipokataza. Walifundishwa kwamba utumbo mgonjwa lazima upumzishwe, na kwamba kumpa mtu kinywaji ni kuongeza kuhara. Ni maneno yale yale ya nyanya wa mtaa wetu, ila yalikuwa yameandikwa katika vitabu vyenye majalada magumu. Tena yana sura ya ukweli: mpe mgonjwa wa kolera maji matupu, nayo mengi yatatoka kama yalivyoingia. Mwaka 1953 mganga Hemendra Nath Chatterjee wa Calcutta aliandika katika Lancet, gazeti la waganga la Uingereza, kwamba amewanywesha wagonjwa 186 maji yenye chumvi na sukari, nao wakapona. Watu walisoma wakapita. Hakuwa na kundi lingine la wagonjwa la kulinganisha, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini sukari, kitu cha watoto, iwe dawa ya kolera.

Jibu lilitoka mahali ambapo hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Mwezi wa 8 mwaka 1960, katika mkutano wa wataalamu mjini Prague, Mmarekani Robert Crane alieleza jinsi utumbo unavyoichukua sukari. Tujaribu kulisema jambo hili kwa mfano. Katika ukuta wa utumbo mna milango midogo isiyohesabika, na mlango huo haufunguki kwa mgeni mmoja. Chumvi ikija peke yake haifunguliwi. Sukari ikija peke yake haifunguliwi. Zikija pamoja mlango hufunguka, zote mbili huingia, na maji huzifuata nyuma. Ajabu ni kwamba sumu ya kolera, pamoja na ukali wake wote, haiugusi mlango huo. Mgonjwa anamwaga maji kama mto, na wakati huo huo mlango wa kuyaingizia uko wazi, unawangoja wageni wake wawili.

Lakini kujua mlango si kujua kipimo. Sukari ikizidi katika kinywaji, huyavuta maji kutoka mwilini kuyaingiza tumboni, na hali huwa mbaya kuliko mwanzo. Robert Phillips, mganga wa jeshi la maji la Amerika, aliyapata hayo huko Manila mwaka 1962. Alikuwa ameona kwa furaha kwamba chumvi na sukari hunyonywa. Kisha katika jaribio lililofuata kinywaji kilikuwa kikali mno, na baadhi ya wagonjwa wakafa. Akaogopa, na kwa miaka kadhaa hakutaka jambo hilo lirudiwe kwa haraka. Sisi hatumcheki. Mtu aliyeona watu wakifa mkononi mwake ana haki ya kuogopa.

Waliolimaliza ni vijana wawili wa Kimarekani, David Nalin na Richard Cash, ambao hawakuwa wamefika umri wa miaka 30. Walifanya kazi Dhaka, katika nyumba ya uchunguzi wa kolera iliyokuwa imeanzishwa huko mwaka 1960, wakati nchi ile ingali ikiitwa Pakistani ya Mashariki. Leo ni Bangladesh. Kitanda cha mgonjwa wa kolera kina tundu katikati na ndoo chini yake. Vijana hao walipima ndoo, kisha wakamnywesha mgonjwa kiasi kile kile kilichotoka, chupa kwa chupa, usiku na mchana. Hilo ndilo walilokuwa wamekosa wengine: hawakuwapa wagonjwa vijiko vichache vya kujaribia, waliwapa maji yote waliyoyapoteza. Mwaka 1968 walitangaza kwamba wagonjwa waliokunywa walihitaji serumu kidogo tu, yaani sehemu 1 kati ya 5 ya ile iliyokuwa ikitumika zamani. Wengi wa waganga walisoma, wakatikisa kichwa, wakaendelea na chupa zao.

Kambi ya Bongaon

Mwaka 1971 vita vilizuka Pakistani ya Mashariki, na watu milioni 10 hivi wakakimbilia India. Wengi walifika kwa miguu wakati wa mvua, wakapanga mahali palipopatikana, wengine ndani ya mabomba ya saruji. Kolera ikawafuata. Katika mji mdogo wa Bongaon, karibu na mpaka, hospitali ilikuwa na vyumba viwili vya wagonjwa wa kolera. Mganga wa watoto aitwaye Dilip Mahalanabis alitumwa huko kutoka Calcutta mwishoni mwa mwezi wa 6. Vyumba vilikuwa vimejaa hata sakafuni. Ili kumtia mtu serumu, mganga alipiga magoti katika kinyesi na matapishi. Katika watu aliokuja nao, wawili tu ndio waliojua kutia serumu, na chupa zilikuwa zikielekea kwisha. Baada ya siku mbili, yeye mwenyewe alieleza baadaye, aliona wazi kwamba wanashindwa vita.

Basi akachagua jambo ambalo hakuna mwalimu wake aliyelifundisha. Katika chumba kimoja huko Calcutta watu wake walipima kwa kila lita ya maji gramu 22 za sukari ya glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani, na gramu 2.5 za magadi laini yale yanayotumika katika mikate. Wakatia katika mifuko ya plastiki, wakaifunga kwa pasi ya moto. Huko Bongaon wakayeyusha katika mapipa yenye bomba, na yeyote aliyekuwa na kikombe aliruhusiwa kuchota. Wauguzi hawakutosha, kwa hiyo walionywesha walikuwa mama, dada, na nyanya. Kinywaji walikiita maji ya chumvi, jina lisilomtisha mtu. Mwanzoni wengi walinung'unika, wakisema kwamba matibabu ya kweli ni ya sindano na kwamba wanapewa maji kwa sababu ni maskini. Malalamiko hayo tungeyasikia hata kwetu leo.

Katika majuma 8 walitibiwa watu 3,700 hivi. Katika kambi nyingine walikuwa wakifa hata 30 katika kila 100. Kwa Mahalanabis walikufa chini ya 4 katika kila 100, na hao ni pamoja na wale waliofika wakiwa wamekwisha kuchelewa. Hata baada ya hapo haikuwa rahisi kuaminiwa: maandishi yake yalitolewa mwaka 1973 tu. Lakini tangu miaka ile shirika la UNICEF na Shirika la Afya Duniani walianza kueneza pakiti za unga wa kuchanganya, na mwaka 1978 lile gazeti la Lancet, lililokuwa limempita Chatterjee bila kumtazama, liliandika kwamba ugunduzi wa sukari kuichukua chumvi pamoja nayo huenda ukawa mkubwa kuliko wote wa uganga katika karne ile. Mahalanabis alifariki mwaka 2022.

Bangladesh yenyewe ilikwenda mbali zaidi. Pakiti hazikufika vijijini. Basi shirika la BRAC, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972, likasema kwamba kila nyumba ina chumvi na sukari guru. Tangu mwaka 1980 wanawake wafundishaji walikwenda nyumba kwa nyumba, wakiketi na kila mama jikoni mwake: chumvi ya vidole vitatu, sukari guru ya kiganja kimoja, maji ya kipimo fulani. Sisi walimu tulipendezwa mno na jinsi walivyolipwa. Mfundishaji hakulipwa kwa nyumba alizozitembelea. Baada ya majuma kadhaa mkaguzi alipita, akawauliza baadhi ya mama wanakumbuka nini, na mshahara ulifuata majibu yao. (Tunaogopa kufikiri tungepata kiasi gani ikiwa sisi nasi tungelipwa hivyo.) Hata hivyo mwanzoni mama walijua kutengeneza lakini hawakutengeneza. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba wafundishaji wengine wenyewe hawakuiamini dawa yao, tena waume walikuwa hawajaelezwa lolote. Wakawafundisha upya wafundishaji, wakawaendea wanaume sokoni na misikitini. Kufika mwaka 1990 walikuwa wamewafundisha mama zaidi ya milioni 12.

Zamani, karibu na mwaka 1980, kuhara kuliua kila mwaka watoto karibu milioni 5 walio chini ya miaka mitano duniani. Siku hizi ni karibu nusu milioni. Maji safi, vyoo na chanjo vina sehemu yao katika tofauti hiyo. Kikombe kina sehemu kubwa.

Goma, mwaka 1994

Hatukuweza kuandika habari hizi bila kufika kwetu. Mwezi wa 7 mwaka 1994, katika siku chache tu, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda wakaingia Kivu ya Kaskazini. Wakubwa kati ya wasomaji wetu wa upande ule wangali wanakumbuka. Ardhi ya Goma ni mawe ya moto yaliyopoa, yaani mawe ya volkano. Jembe haliingii, hivyo vyoo havikuchimbika, na makaburi vile vile. Watu walikunywa maji ya ziwa kama yalivyo. Kolera ikalipuka, nyuma yake kuhara damu. Katika mwezi ule wa kwanza walikufa watu karibu 50,000.

Msaada ulikuja, tena kwa haraka. Lakini wataalamu wa Dhaka, wa nyumba ile ile ya Nalin na Cash, walifika Goma kusaidia, nao waliandika mwaka 1995 kwa nini wagonjwa wengi walikufa hata ndani ya vituo vya matibabu. Maji yalirudishwa polepole mno. Kinywaji cha chumvi na sukari hakikutumiwa vya kutosha. Serumu nyingine hazikuwa za aina ifaayo. Wengi wa watumishi, ingawa walikuwa na moyo mwema na elimu, hawakuwa wamepata kumtibu mgonjwa wa kolera hata mmoja. Miaka 23 ilikuwa imepita tangu Bongaon.

Kolera haijaondoka katika mikoa yetu ya maziwa. Hurudi kando ya Kivu na Tanganyika na katika bonde la Lualaba, ikifuata maji machafu na watu waliofukuzwa makwao. Kuna chanjo yake ya kunywa, na inasaidia. Lakini dozi za dunia nzima hazitoshi, na mtoto wa leo jioni hawezi kuingoja.

Kijiko na chupa

Sasa tuingie jikoni. Ikiwa pakiti ya kituo cha afya iko, itumieni hiyo kwanza, kwa maji ya kiasi kilichoandikwa juu yake, wala msiigawe vipande. Tangu mwaka 2002 pakiti hizo zina chumvi na sukari pungufu kuliko za zamani, kwa kuwa ilionekana kwamba watoto hutapika kidogo zaidi wakipewa hivyo. Tena zina potasiamu, ambayo jikoni hatunayo.

Ikiwa pakiti haipo: maji safi lita 1, yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vidogo vya chai 6, chumvi nusu ya kijiko hicho hicho. Vijiko visawazishwe, visiwe na mlima juu. Angalieni chupa: chupa kubwa ya bia haifiki lita, na mtu akiitumia kama lita kinywaji kitakuwa kikali. Onjeni kabla ya kumpa mtoto. Ladha ya chumvi isipite ile ya machozi; ikipita, mwageni mkatengeneze upya, kwa maana chumvi nyingi yaweza kumwua mtoto. Sukari nyingi nayo si upendo. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Mtoto asiyetimiza miaka miwili apewe baada ya kila kuhara robo ya glasi hadi nusu. Aliyepita hapo, nusu hadi glasi nzima. Mkubwa anywe kadiri atakavyo. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha mwanze tena kijiko kimoja kimoja, kila dakika mbili au tatu. Kazi hii huchosha. Huchukua usiku kucha, na mara nyingi mama hukata tamaa kwa sababu kuhara hakukomi. Hakutakoma mara moja. Kinywaji hakizibi tumbo, kinarudisha kilichotoka. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Tangu mwaka 2004 hupendekezwa pia vidonge vya zinki, miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu yake kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Ulizeni katika kituo chenu.

Kuna wakati ambapo kikombe peke yake hakitoshi, na mtu asitumie maandishi yetu kama sababu ya kukaa nyumbani. Mtoto asiyeweza kunywa au anayetapika kila kitu, aliyelegea au asiyeamka vizuri, ambaye ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole, aliye na homa kali, au anayehara damu, apelekwe mara moja. Mtu mzima anayehara maji meupe kwa wingi naye apelekwe, hata usiku. Kuhara damu kuna dawa zake, na kolera kali ina dawa za kuua vijidudu zinazoifupisha. Hizo ni kazi ya mganga. Njiani mpeni kinywaji. Wengi hufa njiani wakiwa na kiu, chupa ya maji imo ndani ya kikapu.

Katika darasa letu la sita kila mwaka tunaleta chupa, kijiko, chumvi na sukari, na watoto wanapima wenyewe. Kinywaji wanakinywa wote, kwa hiyo somo hilo halina watoro. Mwaka uliopita msichana mmoja alikwenda kuyasimulia kwao, na jioni tuliitwa. Alikuwa ni yule nyanya wa nyumba ya tatu, sasa hatoki sana, na mjukuu mwingine alikuwa akihara tangu adhuhuri. Mbele yake palikuwa na sufuria ya maji yaliyopoa. Hakutaja habari za zamani, wala sisi hatukutaja. Aliinua kijiko cha chumvi akakitazama karibu na taa.

"Mwalimu," aliuliza, "nusu hii ni ya kijiko kilichojaa au kilichosawazishwa?"

"Kilichosawazishwa, mama."

Akachukua kisu, akasawazisha, akagawa katikati, akarudisha nusu katika kopo.